Ndiyo, virusi vimo kinyesini. Halafu?

"Daktari, si mmesema mmepata virusi? Dawa iko wapi basi?" Mzee mmoja mfugaji wa ngamia wa huku Isiolo, ndama wake anaharisha, alinipigia asubuhi kabla sijamaliza chai. Ni mara ya nne mwezi huu, na wafugaji si peke yao. Hata wenzangu wenye shahada ukutani huuliza hivyohivyo. Najibu mara moja tu, hapa.

Kinyesi cha ngamia kina virusi. Cha ndama anayeharisha kinavyo, na cha yule anayeruka kama mwanambuzi kinavyo vilevile. Nikipima wagonjwa peke yao, PCR (kipimo kinachonakili vinasaba vya virusi mpaka vionekane) ikaonyesha rota au astro, virusi viwili vya utumboni, nimejua nini? Karibu hakuna. Kwa hiyo kwa kila ndama anayeharisha natafuta mzima wa umri uleule, boma lilelile, siku ileile. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. "Huyu hana shida, mwache," naambiwa, nimeshika kijiti cha pamba mkononi, mkia nimeuinua. Jamani, huyo ndiye ninayemtaka kuliko mgonjwa!

Halafu kuna suala la kiasi. Sampuli iliyoitika PCR kwenye mzunguko wa 18 na iliyojikongoja hadi wa 37 zote huandikwa "chanya" kwenye jedwali, na jedwali ndilo linalosomwa. Lakini mizunguko ya kunakili ikiwa michache virusi ni vingi, ikiwa mingi ni kidogo mno. Ile ya 37 huenda ni mabaki ya maambukizo yaliyokwisha, au uchafu wa mezani kwetu maabara. Ukisoma RNA yote iliyomo, yaani vinasaba vya kila kitu kinyesini, ndiyo balaa zaidi: unakutana hata na virusi vya mimea, maana ngamia ameshinda akila migunga. Chukua virusi viitwavyo pikobirna. Vilipatikana kwenye kinyesi cha ngamia wa Dubai, na miaka mingi tumevihesabu kuwa virusi vya wanyama. Sasa kuna dalili kwamba huenda makao yake ni bakteria wa utumboni. Mimi mwenyewe niliwahi kuviweka kwenye orodha ya virusi vya ngamia. Leo ningesita.

Msinielewe vibaya, rota si mchezo. Hula vijinyweleo vya utumbo mdogo, ndama akapoteza maji na chumvi mpaka macho yakazama. Na kuna virusi ambavyo tungevikosa kabisa kama tungefuata kuharisha tu: hepatitisi E ya ngamia, inayoshambulia ini, iliyoripotiwa mwaka 2016 kwa mgonjwa wa Falme za Kiarabu aliyepandikizwa ini, mzoefu wa nyama na maziwa ya ngamia.

Dawa? Oksitetra ni dawa ya bakteria, haiui virusi. Mpe ndama maji yenye chumvi na sukari, mapema. Basi.

Kinachoniuma zaidi ni dang'a, maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa. Ndama wa ngamia huzaliwa karibu hana kingamwili, kwa kuwa kondo la mama halizipitishi. Asiponyonya dang'a saa zile za kwanza, kila kilichomo zizini kinamkuta mtupu. Nikamuuliza mzee wangu wa simu, huyu ndama alinyonya dang'a?

Kimya kidogo.

"Tulikamua tukamwaga, daktari. Kwani si hiyo ndiyo inayoharisha?"