"Beds Are Burning": mdaiwa anapojisomea deni lake

Ukiwekewa wimbo huu bila kuelezwa chochote, utakuwa umeshainuka kucheza kabla hujang'amua kwamba unasomewa deni. Matarumbeta yanalipuka mara tatu, kimya kidogo, kisha besi na dramu zinaingia kwa mwendo wa dansi tupu. Kazi yangu ni kupanga muziki wa bendi, na kijana akiniletea wimbo wa siasa anaotaka kuurekodi, mara nyingi namsikilizisha kwanza huu wa Midnight Oil wa mwaka 1987. Watunzi wengi husimama upande wa mwendesha mashtaka: serikali imefanya hivi, wakubwa wamekula vile. Midnight Oil waliimba wakiwa kizimbani.

Bendi yenyewe ni ya Wazungu wa Sydney. Mwimbaji wake, Peter Garrett, pande la mtu lenye kipara, alisomea sheria, na mwaka 1984 aligombea useneta kwa tiketi ya chama cha kupinga silaha za nyuklia, akaukosa kidogo tu. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali ya Australia iliwakabidhi Waanangu, wenyeji asilia wa eneo hilo, hati ya Uluru, lile jabali jekundu lililo katikati ya bara. Sharti lilikuwa waikodishe papo hapo kwa serikali hiyohiyo kwa miaka 99, ibaki hifadhi ya taifa. Bendi iliombwa itunge wimbo kwa ajili ya filamu kuhusu makabidhiano hayo, ikatoa "The Dead Heart". Kisha mwaka 1986 ikafunga safari ya kwenda kupiga muziki katika vijiji vya Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, huko jangwani, ikiongozana na Warumpi Band, bendi ya kijiji cha Papunya ambayo tayari ilikuwa inapiga roki kwa Kiluritja, lugha ya wenyeji. Albamu ya *Diesel and Dust*, na "Beds Are Burning" ndani yake, ilizaliwa kutokana na safari hiyo.

Sikiliza ubeti wa kwanza. Hauna tusi wala jina la mwanasiasa. Una miti ya jangwani, mikangafu ya magari ya Holden, injini za dizeli zinazotokota katika joto la nyuzi 45. Ubeti wa pili una kasuku weupe wanaokurupushwa na gari kati ya vijiji vya Kintore na Yuendumu. Mtu asiyejua atasema ni mapambo tu. Lakini wakati huo sheria ya Australia ilikuwa bado imesimama juu ya dhana kwamba Waingereza walipotua mwaka 1788 ardhi ile haikuwa na mwenyewe. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliitupa dhana hiyo mwaka 1992, katika kesi ya Mabo, miaka mitano baada ya wimbo kutoka. Kwa hiyo mtunzi anapokuorodheshea kilichopo, na kukwambia kwamba jangwa linaishi na kupumua, anatoa ushahidi.

Na Kintore haikuchaguliwa kwa sababu ya vina. Miaka ya 1950 na 1960 Wapintupi, kabila la wenyeji, waliondolewa kwenye jangwa lao la magharibi na kupelekwa makazi ya serikali kama Papunya. Sababu mojawapo ni kwamba makombora ya majaribio kutoka uwanja wa Woomera yalipangwa kupita juu ya nchi yao. Huko Papunya walibanwa na watu wa makabila mengine, wakaugua, wengi wakafa. Mwaka 1981 wakaanza kurudi kwao na kujenga Kintore. Hawakungoja ruhusa ya wimbo wa mtu yeyote.

Sasa kiitikio. Katika beti Garrett anakaribia kuzungumza, kama mtu anayetoa taarifa. Tunafika kwenye daraja, kipande kinachotangulia kiitikio, na hapo ndipo hoja yote inawekwa mezani kwa maneno ambayo mtoto wa shule ataelewa: haki ni haki, ardhi ni yao, tuwarudishie, wakati umefika wa kulipa kodi ya pango na kutoa fungu letu. Kudai kodi ya pango lilikuwa tayari dai la wanaharakati wa Kiaborijini; bendi ililichukua na kuligeuza kuwa kauli ya mpangaji mwenyewe. Baada ya hapo wenzake wanajiunga naye kwa sauti za pamoja, na swali linaulizwa kwa "sisi": tunalalaje na vitanda vyetu vinaungua? Huu ndio ufundi ninaowaonyesha vijana. Uwanja mzima ukiimba kiitikio hicho, kila mmoja amekiri kuwa ni mdaiwa, na anakiri huku akirukaruka. Ungeandika "ninyi mnalalaje", ungepata hotuba.

Udhaifu upo. "Tuwarudishie" ni neno jepesi mdomoni. Ipi, kwa nani, kwa utaratibu gani, wimbo hausemi, na sidhani kama wimbo wa dakika nne ungeweza.

Wakati wa kutoka kwake ulikuwa wa uchokozi kwelikweli: Januari 1988 Australia ilikuwa inajiandaa kusherehekea miaka 200 ya ukoloni kwa mashua na fataki. Nje ya nchi wimbo ulivuma kuliko nyumbani. Ulifika nafasi ya 17 Marekani, na ukashika namba moja Kanada, na hata Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi wa rangi. Ni nani hasa walioununua kule, na walijisikia wako upande upi wa deni, ni swali ninalopenda kuwatupia wanafunzi.

Tarehe 1 Oktoba 2000, wakati wa kufunga Olimpiki ya Sydney, bendi ilipanda jukwaani ikiwa na nguo nyeusi zilizoandikwa "SORRY" kila mahali. Waziri Mkuu John Howard, aliyekuwa amekataa kuwaomba radhi Waaborijini kwa niaba ya serikali, alikuwa pale uwanjani. Radhi hiyo ilikuja kutolewa Februari 2008 na Waziri Mkuu Kevin Rudd, na Garrett alikuwa ndani ya baraza lake la mawaziri. Mwaka uliofuata, akiwa waziri wa mazingira, akaidhinisha mgodi wa urani wa Four Mile. Mashabiki walimwita msaliti. Mimi naona ni malipo ya kawaida ya mtu anayetoka jukwaani kwenda ofisini, ingawa sidai kwamba yalinifurahisha.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba deni hili limejulikana duniani kwa mdomo wa mdaiwa. Ndiyo maana sifundishi "Beds Are Burning" peke yake. Naufuatisha na "Treaty" wa Yothu Yindi, bendi ya Wayolngu, wenyeji wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, waliopata kuzunguka Amerika Kaskazini pamoja na Midnight Oil. Juni 1988, huko Barunga, Waziri Mkuu Bob Hawke aliahidi mkataba kati ya serikali na wenyeji asilia. Mwaka 1991, mkataba haujaonekana, Yothu Yindi wakaimba kuukumbusha. Garrett mwenyewe ni mmoja wa walioshiriki kuutunga wimbo huo. Wimbo ulipotoka mara ya kwanza haukwenda mbali. Uliovuma ni ule uliochanganywa upya na watayarishaji wa Filthy Lucre kwa ajili ya kumbi za disko, ambamo Kiingereza kingi kimekatwa na Kigumatj, lugha ya Wayolngu, kikaachwa kitawale. Usikilize kwa spika nzuri, maana besi yake simu haiibebi.