Je, shimo kwenye shina la mwaloni lizibwe kwa saruji?

Wengi huamini kwamba mwaloni wenye shimo shinani unakufa, na kwamba dawa yake ni kukwangua sehemu iliyooza kisha kuziba kwa saruji. Imani hii haikuzuka hivi hivi: kwa miongo mingi hata watunza miti wenyewe walifanya hivyo.

Lakini kiini cha shina ni mbao iliyokwisha kufa. Maji na chakula hupita kwenye tabaka za nje, karibu na gome, ndiyo maana mwaloni wenye uwazi ndani huweza kuishi miaka mingi. Mti hauponyi mbao iliyooza. Huizungushia ukuta wa kujikinga, na kukwangua huuvunja ukuta huo. Saruji nayo haipindiki shina linapoyumba kwa upepo, tena hutunza unyevu.

Kagua mwenyewe. Ukingo wa shimo uliovimba kwa gome jipya ni dalili njema. Uyoga chini ya shina, matawi ya juu yanayokauka au ufa mpya ni mambo mazito kuliko shimo lenyewe; mti ukiwa karibu na nyumba au njia, mwite mtaalamu wa miti aupime kabla hujashika msumeno.