Posho ya utengano ni pesa ya nani?

Mjeda akipangiwa kwenda kulinda amani Kongo, pale mtaani Pasua, Moshi, watu huanza kumhesabia mkewe dola kabla ndege haijaruka. Shemeji atajenga, shemeji atanunua Noah. Tatizo ni kwamba wanachanganya pesa za aina tatu.

Posho ya utengano ni nyongeza ambayo serikali hulipa kwa sababu tu askari yuko mbali na familia imebaki. Haihusiani na ushujaa wala cheo. Marekani, kwa mfano, tangu Januari 2024 ni dola 300 kwa mwezi, akishatengana na familia kwa zaidi ya siku 30. Kuruta na jenerali wanapata sawasawa. Akirudi nyumbani, inakatika. Na hulipwa askari mwenyewe, mke haletewi mkononi, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka waulize.

Mgao ni kitu kingine kabisa: ni mshahara wake mwenyewe, unakatwa na kupelekwa nyumbani. Wakati mwingine serikali huchanganya hivi viwili kwenye bahasha moja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1942 ilimpa mke wa askari wa vyeo vya chini asiye na mtoto dola 50 kwa mwezi. Tamu kuisikia, lakini dola 22 kati ya hizo zilikatwa kwa mumewe. Serikali iliongeza 28. Ukimsikia mtu anasema "serikali inamlipa mke", muulize kwanza imekata kiasi gani kwa mume.

Halafu kuna zile dola za Umoja wa Mataifa zinazosumbua mtaa. Kuanzia Julai 2018 kiwango kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi kwa kila mlinda amani, na kililipwa kwa serikali iliyomtuma. Serikali ndiyo humlipa askari, kwa taratibu zake. Anachopewa na Umoja wa Mataifa moja kwa moja ni kama dola 1.28 kwa siku. Nenda nayo stendi ya Moshi, labda utapata chai na chapati mbili.

Kwa hiyo, shemeji, kabla mumeo hajafunga begi, swali si "utalipwa ngapi?" Muulize inaingia akaunti ipi, na wewe unaitoaje akiwa porini hapatikani kwa simu.