Je, wajua kwa nini mrithi wa Napoleon aliuawa kwa mikuki ya Wazulu?

Tarehe 1 Juni 1879, karibu na mto Ityotyosi katika nchi ya Wazulu, ambayo leo ni sehemu ya Afrika Kusini, aliuawa kijana wa miaka 23 aliyekuwa amevaa sare ya jeshi la Uingereza. Kijana huyo alikuwa Louis-Napoléon Bonaparte, mtoto pekee wa Kaisari Napoleon III wa Ufaransa (mtoto wa ndugu yake Napoleon wa Kwanza) na mkewe Eugénie. Alifikaje huko, akipigana chini ya bendera ya taifa ambalo ukoo wake ulipambana nalo kwa miaka mingi?

Alizaliwa Paris mwaka 1856. Alipokuwa na miaka 14 tu, baba yake alimchukua hadi vitani dhidi ya Prussia, dola la Kijerumani, lakini Ufaransa ilishindwa, utawala wao ukaanguka na familia ikakimbilia Uingereza. Huko alisomea uafisa katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, akamaliza mwaka 1875 akiwa wa 7 kati ya wanafunzi 34, na katika kupanda farasi na kupigana kwa upanga akawa wa kwanza. Alikuwa, basi, askari aliyefunzwa vizuri ambaye hakuwa na jeshi, kwa kuwa Ufaransa ilikwisha kuwa jamhuri, na wafuasi wake waliotaka akalie kiti cha enzi cha baba yake hawakuwa na ushindi wowote wa kujivunia kwa jina lake.

Januari 1879 Waingereza waliivamia nchi ya Wazulu, na tarehe 22 mwezi huo huo wakapigwa vibaya Isandlwana, ambako zaidi ya watu 1,300 wa upande wao waliuawa. Vikosi vipya vilipotumwa, kijana huyo aliomba naye aende. Waziri Mkuu Disraeli alipinga, lakini mama yake, Eugénie, na Malkia Victoria walimwombea, akaruhusiwa kwenda kama mtazamaji tu asiye na cheo rasmi. Nadhani hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa sababu mgeni wa heshima asiye na cheo ni vigumu kumwamuru, na yeye mwenyewe alikuwa na shauku isiyozuilika.

Siku ya kifo chake alitoka kwenda kupeleleza na kuchora ramani pamoja na Luteni Jahleel Carey, askari farasi sita na Mzulu mmoja aliyewaongoza njia. Askari wa Kibasuto waliopaswa kuwasindikiza hawakufika kwa wakati, naye hakutaka kuwangoja. Alasiri walisimama kwenye boma lililohamwa, wakawavua farasi matandiko na kuchemsha kahawa, bila kuweka mlinzi hata mmoja, ingawa mashamba ya mahindi na majani marefu yalikuwa yamewazunguka.

Walipokuwa wanajiandaa kupanda, Wazulu wapatao 40 waliwafyatulia risasi kutoka majanini. Farasi wa kijana huyo alishtuka na kutimua mbio kabla hajampanda. Akashika mkoba wa bastola uliofungwa kwenye tandiko, akakimbia akiburutwa, na mbinu hiyo aliimudu tangu utotoni. Lakini ukanda wa ngozi ulikatika, akaanguka, na mkono wake wa kulia ukakanyagwa. Alisimama akiwa na bastola katika mkono wa kushoto. Maiti yake ilipopatikana kesho yake ilikuwa na majeraha ya mikuki yasiyopungua 17, yote upande wa mbele. Waliomuua walikuwa wakiilinda nchi yao na hawakumjua ni nani; walichukua nguo zake, lakini mkufu wa medali shingoni waliuacha.

Carey na askari wanne walitoroka. Katika mahakama ya kijeshi alidai kwamba kijana huyo ndiye aliyekuwa akitoa amri. Hata hivyo alionekana na hatia, ingawa baadaye hukumu hiyo ilitenguliwa. Eugénie alisafiri mwaka 1880 hadi mahali mwanawe alipoangukia. Huko Ufaransa, wosia wa marehemu ulimtaja jamaa yake Victor kuwa mrithi na kumruka baba yake Victor, wafuasi wa ukoo wa Bonaparte wakagawanyika, na hakuna mtu wa ukoo huo aliyetawala tena Ufaransa.