Je, wajua mnyoo wa ngozini humsinzishaje mtoto kichwa?

Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifafa katika miaka ya 1960, aliwakuta miongoni mwao watoto walioinamisha kichwa tena na tena kama mtu anayezidiwa na usingizi. Wengine huanza pale tu wanapowekewa chakula. Ugonjwa huo, unaowashika zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, umeonekana pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, na kote huko pana mito ya kasi, nzi wa usubi, na watu wenye minyoo wa Onchocerca volvulus, wale wanaoenezwa na nzi hao na kuleta upofu.

Ajabu ni kwamba minyoo hao hukaa ngozini na machoni. Watafiti waliowatafuta katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa hawakuwaona. Ubongo, basi, unaguswaje?

Jibu moja lilitolewa mwaka 2017, na linaishuku kinga ya mwili wenyewe. Mwili hupambana na mnyoo kwa kingamwili, yaani protini zinazomtambua adui kwa umbo lake, na mnyoo huyu ana protini iitwayo tropomiosini, ambayo inafanana kwa sehemu na leiomodini-1, protini iliyomo katika seli za ubongo wa binadamu. Kingamwili iliyoundwa kumnasa mnyoo humnasa na mwenyeji wake. Maabara ilionyesha kwamba inaweza hata kuziua seli za neva. Kwa kawaida ukuta ulio kati ya damu na ubongo huzuia sehemu kubwa ya kingamwili, lakini mnyoo mkubwa huweza kuishi miaka 10 hadi 15, na kemikali za uvimbe zinazotolewa katika vita virefu namna hiyo zinaweza kuulegeza ukuta huo.

Nionavyo, maelezo haya yana nguvu, ila hayajafunga mjadala: kingamwili hizo zilipatikana kwa takriban nusu tu ya wagonjwa waliopimwa, na hata kwa baadhi ya majirani wao wasio na ugonjwa huo. Uchunguzi wa maiti nchini Uganda, nao, ulikuta protini ya tau imejikusanya ubongoni, jambo lililozoeleka zaidi kwa wazee.

Nafasi ya usubi wenyewe ndiyo isiyotiliwa shaka sana. Kaskazini mwa Uganda, tangu mito ilipotiwa dawa ya kuua viluwiluwi vya nzi hao mwaka 2012 na ivermektini, dawa ya minyoo hao, kugawiwa mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya wamepungua hadi karibu kukosekana. Walioshikwa kabla ya hapo bado wanameza dawa za kifafa.