Nusu alama ya Lis Hartel

Kuna mzee mmoja huja kwenye kitengo chetu mara moja kwa mwezi. Aliugua polio akiwa na miaka minne, na tangu hapo mguu wake wa kulia umevaa chuma kutoka pajani hadi kiatuni. Nikimlaza, nikamwambia afumbe macho, kisha nikampitishia kipande cha pamba kwenye vidole vya mguu huo, hujibu kabla sijaondoa mkono: "Cha pili, dokta. Sasa cha tatu." Nikimwambia akunje kidole hichohicho, hakuna kinachotokea. Mguu unasikia kila kitu na hauwezi kufanya lolote.

Naanzia kwenye mguu huu kwa sababu habari za Lis Hartel nimezisoma miaka mingi, na karibu kila anayezisimulia husimulia vilevile: mwanamke jasiri wa Denmark, polio, farasi, medali, machozi. Ujasiri alikuwa nao, sibishi. Lakini mimi kazi yangu ni fiziotherapia, na farasi wa kilo mia tano hageuki kushoto kwa sababu aliyempanda ni jasiri. Mimi nilitaka kujua alikuwa anamwambiaje.

Mchezo wake ulikuwa dresaji. Ni uwanja wa mchanga wenye herufi pembeni, na mpandaji anaingia na mlolongo wa miondoko aliyoikariri kichwani: mwendo wa kawaida, matiti (mwendo wa kudundadunda), shoti (mbio), kusimama wima kama nguzo, kurudi kinyumenyume, kwenda upandeupande kama kaa. Kwenye ngazi za juu farasi hupiga matiti papo kwa papo, anainua miguu kama anayetwanga na wala hasogei. Waamuzi hutoa alama kwa kila kipande. Uzuri wake, au ugumu wake, ni kwamba mpandaji hatakiwi kuonekana anafanya chochote. Ukionekana unavuta hatamu au unapiga mateke, alama zinakwenda.

Farasi hupokea maagizo kupitia njia tatu: mikono kwenye hatamu, miguu kwenye mbavu, na makalio kwenye tandiko. Wanaoanza hutegemea mikono na miguu. Hili nililijua kwa aibu. Kwetu pwani farasi ni wachache, mbung'o na maradhi hayakuwapa nafasi, nasi tumezoea punda. Siku moja ufukweni nikapandishwa farasi wa kukodi. Kwa woga nikambana mbavu kwa miguu yangu yote miwili nisianguke. Kumbe kwa farasi kule kubana ndiko kumwambia "nenda". Akaenda. Kadiri alivyozidi mbio ndivyo nilivyozidi kubana, na kadiri nilivyobana ndivyo alivyozidi mbio, mpaka mwenye farasi akamkamata mbele ya wavuvi waliokuwa wakicheka hadi kukaa chini. Miguu yangu ilikuwa mizima kabisa, na ndiyo iliyoniponza.

Hartel alizaliwa mwaka 1921 karibu na Copenhagen, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1940 alikuwa tayari bingwa wa dresaji nchini mwake. Septemba 1944, Denmark ikiwa bado chini ya jeshi la Ujerumani, alishikwa na polio. Alikuwa na miaka 23 na alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Hartel mwenyewe alibaki amepooza, na hata ugonjwa ulipotulia, chini ya magoti hakukurudi kitu. Mapaja na mikono navyo viliguswa.

Hapa niwachukue kidogo ndani ya uti wa mgongo. Kirusi cha polio kina uchaguzi wa ajabu. Kinashambulia seli zilizo upande wa mbele wa uti, zile zinazopeleka amri kwenye misuli. Seli zinazoleta habari kutoka kwenye ngozi, viungo na misuli kwenda kwenye ubongo hukaa mahali pengine, na kwa kawaida kirusi hakiziharibu. Aliyevunjika uti kwenye ajali ya bodaboda mara nyingi hupoteza vyote viwili, amri na hisia. Wa polio hupoteza amri tu. Ndiyo maana mzee wangu hakosei vidole vyake.

Kwa hiyo Hartel akikalia tandiko alikuwa anamsikia farasi chini yake: mgongo ukipanda upande mmoja, bega likilegea, hatua ikichelewa. Alichopoteza ni njia moja kati ya zile tatu, nayo ndiyo njia ya kelele. Mgongo, kiuno na uzito wa mwili vilibaki, au alivijenga upya. Na farasi ni mnyama ambaye nzi mmoja akimtua ubavuni hutikisa ngozi ya pale pale alipotua. Ukiegemea kidogo kulia, anajua. Ukikaza kiuno, anajua. Wenye miguu mizima wengi hawafiki huko maisha yao yote, kwa sababu kubana ni rahisi zaidi.

Sisemi polio ilimsaidia. Ukimsikia mtu anasema hivyo, mnyang'anye maikrofoni.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya taratibu ambayo mtu wa fani yangu anaielewa vizuri. Miezi ya mwanzo baada ya polio, seli za amri zilizonusurika huchipua matawi na kuichukua misuli iliyobaki yatima. Ndipo mtu hurudishiwa nguvu kidogo, tena kwa mwendo wa konokono. Baada ya miezi kama minane Hartel aliweza kutembea kwa magongo. Akataka kurudi kwenye tandiko, kinyume na matarajio ya waliokuwa wakimtibu. Alibebwa, akapandishwa, akashushwa. Alianguka. Farasi wake Jubilee ilibidi ajifunze lugha ile ngeni, isiyo na miguu, na yeye ajifunze kuizungumza bila kukosea, maana farasi hawezi kutofautisha agizo na mtikisiko wa mtu aliyeyumba. Mwaka 1947 alishindana kwenye mashindano ya Skandinavia akawa wa pili.

Mlango wa Olimpiki ulikuwa umefungwa, tena si kwa sababu ya miguu. Hadi 1948 dresaji ya Olimpiki ilikuwa ya maafisa wa jeshi peke yao. Raia hapana, mwanamke hapana, hata sajenti hapana. Wasweden walishinda dhahabu ya timu mwaka 1948 London, wakaja kunyang'anywa kwa kuwa mmoja wao, Gehnäll Persson, hakuwa afisa kamili. Fedheha ile ilisaidia kuua kanuni yenyewe, na Helsinki 1952 raia na wanawake wakaruhusiwa. Wanawake wanne waliingia kwenye dresaji. Mmoja alipandishwa farasi na watu.

Matokeo nayajua kwa moyo. Henri Saint Cyr wa Sweden, mwanajeshi wa miaka 50, alama 561. Lis Hartel, 541.5. André Jousseaume wa Ufaransa, 541. Mashabiki huitazama dhahabu iliyomponyoka, mimi hubaki kwenye ile nusu alama ya chini. Kwenye mchezo unaokusanya mamia ya alama, nusu ni kona moja iliyogeuzwa kwa ulaini. Yeye kona aliigeuza kwa kiuno. Akawa mwanamke wa kwanza kupata medali ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja katika michezo ya farasi, akiwa amewashinda wanaume, maana mchezo huu hauwatenganishi hadi leo. Wakati wa kupanda jukwaani Saint Cyr alimpa mkono akamsaidia kupanda.

Wiki zilezile, nyumbani kwake Copenhagen, hali ilikuwa inaharibika. Kiangazi cha 1952 mji ule ulipatwa na mlipuko mbaya sana wa polio. Hospitali ya Blegdam ilijaa watu wasioweza kupumua, na mashine zilikuwa za kuhesabu. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri watobolewe koo, wawekewe mpira, wapumulishwe kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari waliitwa kwa mamia, wakakaa kando ya vitanda wakiminya mfuko wa hewa, saa baada ya saa, zamu kwa zamu. Chanjo ya Salk ilikuwa bado miaka mitatu. Ukiiweka medali ile ya fedha kando ya vitanda vile, utaona kwamba watu wa mji wake hawakuhitaji kuelezwa polio ni nini.

Mwaka 1956 Olimpiki ilikuwa Melbourne, lakini sheria za karantini za Australia hazikuruhusu farasi wa nje kuingia kirahisi, kwa hiyo mashindano ya farasi yakafanyika Stockholm mwezi Juni. Saint Cyr tena, 860. Hartel tena, 850. Fedha ya pili, nyuma ya mtu yuleyule, nyumbani kwa mtu huyo. Kama ni mimi ningeuma meno. Dhahabu hakuipata kamwe.

Baadaye alizunguka akionyesha upandaji na kuchangisha fedha za wagonjwa wa polio, na wanafani wenzangu wa Skandinavia walianza kuwapandisha wagonjwa farasi kwa makusudi ya tiba. Kuna mantiki: farasi akitembea, nyonga za aliyekaa juu husukumwa mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kuzungushwa kidogo, karibu sawasawa na nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake. Hakuna kitanda cha mazoezi kinachoweza hivyo. Dresaji ya walemavu imo kwenye Paralimpiki mfululizo tangu mwaka 1996 Atlanta. Leo kuna madaraja matano, la kwanza likiwa la wenye ulemavu mzito zaidi, wao hucheza kwa mwendo wa kawaida tu. Asiyeweza kubana huruhusiwa mijeledi miwili, mmoja kila mkono, badala ya miguu. Hartel hakuwahi kuwa na daraja. Alipimwa kwa kipimo cha wote. Alifariki Februari 2009.

Mwezi uliopita nilimwonyesha mzee picha yake kwenye simu. Anakuja siku hizi kwa sababu mguu wa kushoto, ule tuliodhani mzima, umeanza kuchoka. Zile seli zilizochukua misuli yatima miaka sitini iliyopita zimefanya kazi ya watu kumi, sasa zinalegea. Nilimweleza habari yote, Helsinki, nusu alama, na kadhalika. Aliitazama picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili mpaka ikabaki miguu na vikuku vya kukanyagia peke yake.

"Alishukaje?" akaniuliza.

"Alikuwa anashushwa, mzee. Kila mara. Na kupandishwa vilevile."

"Hata na medali?"

"Hata na medali."

Akanirudishia simu. "Basi kama mimi na daladala," akasema, akanyosha mkono nimpe gongo lake.