Uvimbe wa ubongo: kung'aa kwenye MRI si daraja

Madaktari wenzangu wakiniletea MRI ya mgonjwa mwenye glioma, uvimbe unaoanzia kwenye seli saidizi za ubongo, swali la kwanza ni lile lile: "Umeng'aa?" Yaani, baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya gadolinia, uvimbe umeng'aa au la. Usipong'aa, wanashusha pumzi, wakiamini daraja lake, yaani kiwango cha ukali kuanzia 1 hadi 4, ni la chini. Mimi bado.

Kung'aa kunaonyesha tu kwamba kizuizi kati ya damu na ubongo kinavuja. Astrositoma ya pilositiki, aina ya glioma inayowapata zaidi watoto, hung'aa sana na bado ni daraja la 1. Kuna glioma nyingine hazing'ai hata kidogo, kumbe zimeshafika daraja la 3.

Ndiyo maana naagiza pafyusheni, kipimo cha damu inayopita kwenye uvimbe. Dawa inasukumwa kwa kasi kwenye mshipa wa mkono huku mashine ikipiga picha za ubongo mzima mfululizo, kila sekunde moja au mbili. Dawa inapopita kichwani, mwangaza wa picha hushuka ghafla kisha hupanda tena. Kutokana na mshuko huo kompyuta huchora ramani ya kiasi cha damu. Uvimbe mkali huota mishipa mipya, mingi na iliyopindapinda, kwa hiyo hujaa damu. Naitafuta sehemu iliyojaa kuliko zote, kisha nailinganisha na tishu nyeupe ya ubongo (white matter) isiyo na uvimbe, ya upande wa pili. Uwiano wa 1.75 umezoeleka kama mpaka tangu utafiti wa 2003, ila siuabudu: hunasa karibu kila uvimbe mkali, pamoja na mwingi usio mkali. Oligodendroglioma, aina nyingine ya glioma, ndiyo inayotuchezea shere zaidi, maana hata ya daraja la 2 inaweza kuwa na damu tele. Halafu dawa ikivuja nje ya mishipa, hesabu inaharibika; ramani ambayo haijarekebishwa uvujaji huo siisomi.

Difyusheni hupima jinsi maji yanavyotembea kati ya seli. Seli zikisongamana, maji hukosa njia. Ni kipimo cha haraka na hakihitaji dawa, ingawa usaha na limfoma navyo hubana maji vilevile. Spektroskopia hupima kemikali: kolini, inayotokana na utando wa seli, ikipanda na NAA, kemikali ya seli za neva zenye afya, ikishuka, nashuku uvimbe unaokua kwa kasi. Kusema kweli, naiegemea kidogo kuliko hizo mbili.

Je, picha zinatosha kutoa daraja? Hapana, na tangu mwongozo wa WHO wa 2021 ndiyo kabisa. Astrositoma ya mtu mzima isiyo na badiliko la jeni la IDH, ikikutwa na badiliko la promota (swichi ya kuwasha jeni) ya jeni la TERT, huitwa glioblastoma ya daraja la 4, hata kama darubini haikuona tishu iliyokufa.

Kazi kubwa ya ramani zangu, kwa maoni yangu, ni kuielekeza sindano inayochukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara. Uvimbe mmoja unaweza kuwa mpole upande huu na mkali upande ule. Kinyama kikitoka upande mpole, maabara itatoa daraja la chini, na haitakuwa imekosea kuhusu kipande ilichopewa. Kwa hiyo ripoti yangu humwandikia daktari wa upasuaji waziwazi: "Chukua kinyama kwenye ukingo wa nyuma, kina cha sentimita mbili, palipo na damu nyingi na difyusheni ndogo. Epuka katikati, tishu imekufa."